Majani ya Mikaratusi Chini ya Godoro

Nilipaswa kumkatalia baba aliponiagiza nimpeleke mbwa wetu hadi Rughenda, mbali na kwetu, nikamwache huko, ili viroboto viishe nyumbani. Leo nikitandika majani ya mikaratusi chini ya godoro, harufu yake inamrudisha dada yangu mlangoni, amemkumbatia mbwa, mikono imejaa majivu.

"Baba, miye nakatala. Biroboto biko mu mavumbi ya nyumba. Nitafagia, nitatia majivu na majani."

"Kumbe ni weye munganga hapa?"

"Hata kama hapana munganga, mbwa hatatoka."

Dada alipokwenda kuchota maji, nilimwita mbwa, akanifuata hadi Rughenda akitikisa mkia. Viroboto vilibaki, mpaka dada alipotia majivu yake. Mbwa hakurudi, na dada hakusema nami tena hadi alipokufa tukamzika.