Mume wangu anaamini aliua matumbawe yake kwa kuchagua chumvi mbaya

Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana watoto wangu wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, naishi Kigali, na nimeolewa miaka thelathini na sita. Kiswahili nilikipata Nyamirambo nilikolelewa na shangazi, kwa hiyo mkiona makosa mnivumilie.

Mume wangu nitamwita Baba Aline. Alikuwa mwalimu wa biolojia. Vita ilipoanza mwaka 1990, mwalimu mwenzake Mbelgiji akarudi kwao na kumwachia tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya machungwa na matumbawe, vile viumbe vya baharini vinavyofanana na maua yaliyoota kwenye jiwe. Tuliliweka sebuleni, Remera. Watu walikuja kutazama bahari ndani ya nyumba, katika nchi isiyo na bahari. Umeme ukikatika, alifunga pampu kwenye betri ya gari. Maji safi aliyabeba kutoka maabara ya shule. Sijawahi kumwona mwanaume mwenye furaha namna ile.

Tatizo lilikuwa chumvi. Chumvi ya jikoni haifai, lazima iwe ya kutengenezwa kwa ajili ya tangi, na ilitoka Ulaya. Mwanzoni mwa 1993 ile aliyoachiwa ilikaribia kwisha. Yule Mbelgiji aliandika kwamba anaweza kumpa msafiri ndoo moja tu, na kwamba ziko aina mbili: ile ya zamani, na nyingine mpya yenye madini mengi zaidi ya kukuza matumbawe. Akamshauri abaki na ya zamani, kwa sababu viumbe hivyo havipendi mabadiliko. Baba Aline aliwaza wiki tatu. Alinisomea barua ile mezani hadi nikaikariri. Mwisho akachagua mpya. Alitaka yakue.

Ndoo ilipofika, mama yangu alikuwa kwetu. Alikimbia vita kule Byumba, na majirani zake wa kule walikuwa wamejibanza Gatsata, hapa hapa Kigali, kwenye vibanda vya maturubai, wakila maharage bila chumvi. Siku moja sisi tukiwa kazini, mama akafungua stoo, akakuta ndoo nzima ya chumvi. Akajaza mfuko na kuwapelekea. Niliporudi aliniambia kwa furaha kabisa, akaongeza tu kwamba walilalamika ina uchungu kidogo. Nilipofunua ndoo, zaidi ya nusu haikuwepo.

Wakati ule mume wangu na mama walikuwa hawaelewani. Mume alikuwa ameshaniambia kwamba mukecuru, yaani huyo bibi kizee, anagusa kila kitu humu ndani, na siku akigusa tangi atatafuta pa kwenda. Nami nilijua mama hana pa kwenda. Basi nikaenda sokoni, nikanunua chumvi ya kupikia, nikaisaga, nikaichanganya mle ndani hadi ndoo ikajaa. Nilijiambia kwamba chumvi ni chumvi.

Baba Aline aliikoroga kwenye maji, akapima kwa kile kipimo kinachoelea, kikasoma sawasawa. Alipobadilisha maji mara ya kwanza matumbawe yalijikunja, akasema yanazoea. Mara ya pili yakaanza kuwa meupe. Mwezi haukuisha, yakawa mifupa mitupu, na samaki wakafuata. Alikaa mbele ya kioo na ile barua mkononi, akaniambia, "Aliniambia nisibadilishe. Ni mimi nimeviua." Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikaenda jikoni kupika.

Tangu hapo alikataa kuchagua kitu chochote. Nilidhani ni huzuni, itapita. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, kaka zake wawili walituma mtu kumwuliza waje kwetu au wabaki walipo. Akanitazama, akasema, "Jibu wewe. Mimi nikichagua, vitu vinakufa." Mimi nikasema tungoje tuone. Yule mtu akaondoka bila jibu. Kaka zake hatukuwaona tena. Najua waliowaua ni wauaji, si chumvi. Lakini naijua pia ile sentensi ilianzia wapi, na mwenye kuijua ni mimi peke yangu. Hata mama hajui, maana sikuwahi kumwambia alichochukua kilikuwa nini.

Shule za watoto nilichagua mimi. Kiwanja nilichagua mimi. Aline alipoleta mchumba, baba yake alisema amwulize mama yake.

Sasa Baba Aline anaumwa. Amekutwa na uvimbe wa saratani kwenye tezi dume, na daktari ameeleza kwamba zipo njia mbili, upasuaji au mionzi, kila moja ina hatari zake, na mgonjwa mwenyewe ndiye wa kuchagua. Jumatatu anataka jibu. Nimemsihi, amegoma. Anasema kifo chake akichague mtu mwenye mkono mzuri, yaani mimi.

Nikimwambia ukweli, huenda akapata nguvu ya kuamua. Lakini atajua pia kwamba nilimwacha aamini hivyo siku kaka zake walipotuma mtu. Na kuna mama. Ana miaka tisini na moja, tunaishi naye, na siku hizi hao wawili wanapendana kuliko wanavyonipenda mimi. Ninapoandika hapa, Baba Aline amekaa kwenye mkeka anamkata kucha za miguu, na mama anamsimulia habari za Byumba.

Ndugu zangu, leo ni Ijumaa. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu: niseme, au nimchagulie na hili pia, ninyamaze?