Za Kutanua au za Kuinua?

Nilikuwa kwenye kaunta ya duka la spea hapa Nakuru, nikingoja fanbelti, kijana mmoja alipoingia akizungusha ufunguo kidoleni. Nje alikuwa ameegesha gari jekundu la spoti, limelala chini kama paka anayewinda.

“Boss, nataka spesa.”

Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mji huuhuu, akamwekea raba nne nene. “Hizi za spring. Gari inapanda juu, haigusi mawe.”

“Si za kuinua, mzee. Zile za chuma, za nyuma ya wheel. Tairi itokee nje, gari ikae pana.”

Mzee akavua miwani. “Nakuru yote inataka gari iinuke, wewe unataka itanuke?”

Hata hivyo akazileta. Kijana akazipapasa, akasita. “Kwani tairi itakula fenda?”

“Ukibeba watu gari ikashuka, itakula.”

“Watu gani? Ni mimi na bibi tu.”

Bibi mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea. “Mzee, mimi usinihesabu. Kila bampu ya barabarani nashuka, gari ipite bila kukwaruza chini, ndio nipande tena. Kutoka Kiamunyi leo nimeshuka mara saba.” Akainua mguu. Kiatu cheusi kilikuwa cheupe kwa vumbi.

Kijana alikitazama kiatu, akalitazama gari. Kisha akazisukuma za chuma kando na kuzivuta raba.

Nchi hii mnunuzi huchagua rangi ya gari tu. Kimo chake huamuliwa na barabara, na viatu vya bibi.