Ukiruka, Sema Umeruka

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, Mratibu wa Ukame alinionyesha kompyuta, akafungua skripti ya ripoti ya kila mwezi na kuniambia, "Hii usiiguse. Wewe bonyeza tu, ripoti itatoka." Nimesomea takwimu chuo kikuu, halafu mtu ananiajiri nibonyeze! Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni. Nyinyi mnaoingia kazi hii leo, msinyamaze.

Skripti ni faili la amri ambazo kompyuta inazisoma kutoka juu hadi chini. Unaweza kuiambia iruke baadhi yake. Unaandika "kama", unaweka sharti, kisha amri zako ndani ya mabano. Sharti likitimia, amri zinatekelezwa. Lisipotimia, kompyuta inazipita na kuendelea na zilizo chini, bila hata kuguna. Ni chombo kizuri. Mimi mwenyewe nilikitumia kuruka uchoraji wa ramani nilipotaka kujaribu jedwali moja tu, maana ramani zilikuwa zikila asubuhi nzima.

Sasa sikieni upuuzi. Juu ya hesabu za kila kituo cha kukusanyia data paliwekwa sharti: kama kaya zilizohojiwa zinatosha, kokotoa; zisipotosha, ruka. Mwaka ule mvua ilikosekana, na watu wa Hadado, kituo chetu kimoja katika kaunti jirani, wakahama na ngamia wao kutafuta malisho. Wafugaji hawakai kungoja mifugo ife. Dahabo, aliyetukusanyia data huko, alikuta maboma matupu. Akahoji wachache waliobaki, wazee na wagonjwa. Skripti ikaona kaya ni chache, ikairuka Hadado. Chini yake ikatafuta wastani wa eneo zima kwa vituo vilivyobaki, vingi vikiwa karibu na visima. Ripoti ikatoka safi kabisa: hali ni ya kawaida. Malori ya maji hayakwenda.

Dahabo alinipigia simu, akiniita abaayo, yaani dada, kama kawaida yake.

"Abaayo, hiyo riboti yenu nimesoma yote. Kwani sisi tumekufa? Mbona Hadado hakuna? Mbuzi yangu inaisha, na mama anakunywa maji ya tope, wallahi!"

Niliingia kwa Mratibu bila kubisha hodi.

"Kaya ni chache, makisio hayaaminiki," akasema, hata macho hakuinua. "Hiyo ni kanuni ya takwimu."

"Kanuni inasema usitoe makisio. Haisemi ufute watu! Kaya ni chache kwa sababu wamehama, na wamehama kwa sababu ya ukame huu tunaolipwa kuupima!"

"Ripoti imeshakwenda Nairobi. Tutaangalia mwezi ujao."

Mwezi ujao! Malori yalipofika Hadado, mbuzi wa Dahabo walikuwa wameisha, na mama yake walikuwa wameshamzika. Mpaka leo nikimkumbuka Mratibu yule na kiti chake cha kuzunguka, damu inanichemka.

Nilirudi kwenye skripti niliyokatazwa kuigusa, nikaongeza "vinginevyo", yaani sehemu inayotekelezwa sharti lisipotimia. Nikaiamuru iandike kwa herufi kubwa, ukurasa wa kwanza: KITUO HIKI KIMERUKWA. WATU HAWAPO. ULIZENI WAKO WAPI. Mratibu akasema maneno hayo yanachafua ripoti, niyafute. Nikakataa. Nikahamishiwa Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, kwenye takwimu za shule.

Nilikwenda na hasira zangu na "vinginevyo" yangu. Msimamizi wa Takwimu wa kule, mama mkali wa maneno machache, aliniuliza mbona skripti zangu zinapiga kelele. Nikamweleza habari ya Hadado. Akasema, "Basi zote zipige kelele." Huyo ndiye bosi pekee niliyewahi kumheshimu kwa moyo wote.

Nilirudishwa Garissa miaka yangu ya mwisho kazini, kwenye kitengo kingine, na siku ya kuniaga walileta sambusa na shaah, chai ya maziwa. Ifrah, mchambuzi ambaye sasa anashika ripoti ile ya ukame, akanionyesha kwa fahari skripti yake mpya. Fupi, nadhifu. Niliona sharti. Nikatafuta "vinginevyo". Ilikuwa imeondolewa.

"Mwezi huu imeruka wapi?" nikamuuliza.

"Kituo cha Diff tu, edo," akajibu, akiniita shangazi. "Data ilikuwa kidogo, si poa kuiweka."

Nyuma yetu Mkurugenzi alikuwa ameanza kusoma sifa zangu: mtulivu, mvumilivu. Mimi! Nikaweka kikombe chini, nikamwomba anyamaze. Nikamwambia Ifrah ampigie mkusanyaji wetu wa Diff hapo hapo, kwa spika, wote wasikie.

Simu ililia sana kabla ya mkusanyaji mwenyewe kuipokea. Ifrah akasema ni ofisi ya Garissa. Yule bwana hata salamu hakutoa.

"Sisi tuko hai," akasema. "Nyinyi mko wapi?"