Siku Nilipougua Kiharusi Gakoromone

Kuna watu Meru ambao hadi leo wakiniona wanajishika shavu na kucheka, kwa hivyo wacha niseme mwenyewe jinsi nilivyobebwa kwa mkokoteni katikati ya soko la Gakoromone mchana kweupe, mtu mzima na akili zangu timamu, kabla hamjasikia kwa wale wanaoongeza chumvi.

Mimi nina presha. Daktari alinipima damu akasema kuna kitu kinaitwa homosisteini kimepanda, na kikipanda kwa mtu mwenye presha mishipa huumia na kiharusi humnyemelea, basi nimeze dawa kila siku, nile mboga za majani na maharagwe, na miraa niiache kabisa. Nikamwambia mke wangu, yeye peke yake. Kumbe nimetangazia ukoo! (Hayo maneno hatujayamaliza.) Akampigia mama yake simu akamfundisha dalili zote: uso kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama.

Sasa, mimi ni mtu wa kuzunguka, nimeishi Embu, Isiolo, Moyale, situlii, na siku hiyo nikawakumbuka marafiki wa zamani wa Kangeta, nikaenda, tukaketi, na miraa ilikuwa tamu kama ujana wenyewe. Nikarudi Meru mjini shavu la kushoto limefura. Nafasi ya kutema nilikuwa nayo! Lakini nani hutema miraa nzuri hivyo? Nikakatiza sokoni, na hapo kwenye kabichi nikagongana na mama mkwe.

Kwetu mtu hatafuni miraa mbele ya mama mkwe, na kutema ndiyo aibu zaidi. Nikafunga mdomo.

"Baba Kendi, habari ya nyumbani?"

"Mmmh."

"Uko mzima kweli?"

"Mmm-mmh."

Akaliangalia shavu. Akapiga nduru ambayo nadhani ilifika Ruiri: "Uuuwi! Uso umeenda upande! Hawezi kuongea! Mshikeni!"

Nikajaribu kumeza, ikanikaba, macho yakanitoka, na wapakiaji wakamwaga viazi vya watu wakanilaza kwenye mkokoteni. Nikirusha miguu, "Anatetemeka!" Nikitulia, "Anaenda!" Hakuna hata mmoja aliyeuliza nina nini mdomoni! Mama mmoja akanianzishia maombi, tena kwa sauti.

Hospitalini nesi akasema, "Tabasamu, mzee." Nikakataa. "Fungua mdomo." Nikakataa. Akaingiza vidole (bila hata pole), akatoa fundo la kijani, akaliinua mbele ya nusu ya soko iliyojazana mlangoni. Halafu mwendesha boda mmoja: "Mzee, hiyo kiharusi kilo ni pesa ngapi?"

Nikawaka. Nikafoka kwamba hii ni dharau, kwamba mtu ana haki ya shavu lake, na nesi akanifunga kifaa cha presha mkononi nikiendelea kufoka. Akaangalia, akapima tena, na yeye hakucheka.

"Lala chini. Presha imepanda vibaya. Na hiyo damu yako mkweo aliyonieleza, ukiendelea na miraa, mara ijayo hawatakuwa wamekosea."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi.

"Baba Kendi," akasema, "ungekuwa umepooza ningekulisha uji kwa mkono wangu mpaka nife. Sasa hii nikufanyie nini?"

Hasira bado ninayo, kwa mke wangu na mdomo wake, kwa wale wa mkokoteni, kwa yule wa boda. Lakini kila nikilikumbuka swali la mama mkwe, nameza dawa zangu na nakula mboga, hata zile zilizochemshwa mpaka zikasahau kama ziliwahi kuwa shambani.