Bibi Harusi Alipofungua Boneti

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, asubuhi aliyoolewa wifi yangu Yustina. Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni nacheka kama chizi. Nimesikia na wewe sasa una gari, basi kaa nikusimulie.

Tuliishi Misunkumilo, na ndoa ilikuwa ifungwe kanisani kule Kashaulili. Gari lenyewe pikapu ya baba mkwe, iliyozoea magunia ya mahindi. Tuliiosha tukaifunga maua mpaka ikaona aibu. Siku zote aliyeiendesha ni Yustina, akipeleka mazao sokoni. Lakini bibi harusi haendeshi gari, wala hapazi sauti. Ufunguo akapewa kaka yake, shemeji yangu Gervas.

Gervas akawasha. Tik. Akajaribu tena. Kimya.

"Injini imekufa," akatangaza, kama daktari anayetoka wodini.

Gari likigoma mbele za watu, mwanangu, kila mtu anakuwa fundi. Huyu anasema mafuta, yule stata. Mama mmoja wa Kawajense akaapa kuwa ni jicho baya la mchumba wa zamani. Yustina akaita kutoka chumbani, "Kaka, piga honi kwanza!" Mashangazi wakamnyamazisha: bibi harusi gani anazungumza habari za honi?

Gervas alikwishavua koti la suti. Akachomoa waya zote za plagi, akatoa na plagi zenyewe, akazipuliza, akazigeuza juani kama mnunuzi wa dhahabu. Kuzirudisha sasa, waya upi ulitoka wapi, hajui. Akachomeka tu alivyojaliwa.

Baba mkwe, mtu asiye na maneno mengi, akamtazama. "Mgonjwa hajasema anaumwa wapi, wewe umeshampasua?"

Hapo simu ikaita. Ni bwana harusi: padri anajiandaa kwenda kigangoni, na akiondoka, leo hakuna ndoa. Mashangazi walipolisikia hilo, wenyewe wakasogea ukutani, wakampisha Yustina.

"Shika hili, wifi," akanitupia shela. Akabonyeza honi, ikalia kama mbu. "Mnasikia? Umeme haufiki." Akafungua boneti, akagusa kichwa cha betri: kimelegea mpaka kinazunguka kwa kidole, na kimejaa ukungu mweupe. Akaondoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Akaomba maji ya moto ya chai, akasafisha, akakausha, akakaza kwa spana.

Injini ikawaka, lakini ilitetemeka na kukohoa, ikapiga mshindo kuku wakatawanyika.

"Hiyo sasa ni kazi ya mikono yako, kaka," Yustina akasema. Akazima, akazipanga upya waya za plagi, ndefu kwenye plagi ya mbali, fupi kwenye ya karibu, vidole vikabaki na grisi. Alipowasha tena, pikapu ikanguruma vizuri kabisa. Gervas alipanda nyuma pamoja na ngoma.

Padri tulimkuta ameshapanda pikipiki. Akashuka. Ilipofika zamu ya pete, ikagoma kwenye kiungo cha kidole. Bwana harusi anasukuma, jasho linamtoka, mashangazi wameshika vichwa. Yustina akamnong'oneza, "Jaribu upande huu wenye grisi." Pete ikateleza mpaka mwisho, na padri akasema "Amina" kabla ya wakati wake.

Basi, mwanangu, gari lisipowaka, usikimbilie spana. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Washa taa, piga honi. Vikififia, anza na betri na vichwa vyake, na sigara iwe mbali. Taa zikiwaka vizuri ila unasikia tik moja tu, shuku stata. Injini ikizunguka bila kushika, hapo ndipo uulize mafuta na plagi. Ukilazimika kuchomoa waya, chomoa mmoja, uurudishe, ndipo uguse wa pili. Usipojua, muulize anayeliendesha kila siku, hata kama amevaa gauni jeupe. Na nyie vijana mfanye hivyo hivyo kwa watu: sikilizeni kwanza panapouma.

Mungu akutangulie barabarani, akupe masikio kabla ya mikono, na kila utakakokwenda ufike watu bado wanakungoja.