Vitana vya Pembe

Kila mteja aliyeinua kitana kwenye meza ya Oketch pale Nakivubo ilimbidi asikilize hotuba. Mimi nilikuwa nauza vitenge meza ya pili, na hotuba ile ilinichosha masikio: kitana hiki ni pembe ya ng'ombe, si gamba la kasa; mkikataa kununua gamba, wavuvi watamwacha kasa atage mayai kwa amani. Kasa gani, jamani, Kampala? Lakini yeye hakuwa na mzaha na jambo hilo.

Ujanani, huko Malindi, alichonga magamba ya ng'amba, yule kasa wa thamani. Wauzaji walimwambia mnyama hubanduliwa magamba kwa moto akiwa hai, kisha hurudishwa baharini akaota mengine. Aliamini, kama wote. Siku moja akamkuta mmoja ametupwa ufukweni na mawimbi, amekufa, mgongo wote kidonda. Akaiacha kazi, akaja huku, akajifunza kuchonga pembe za ng'ombe wa Ankole. Zikisuguliwa vizuri, ungeapa ni ng'amba.

Balaa likaingilia hapo. Mwaka wa sabini na tano, enzi za utawala wa kijeshi, ofisa mmoja wa jeshi alimnunulia mkewe kitana, akajitapa kwa wenzake kwamba ni cha kasa. Akarudi nao mezani, kila mmoja akitaka chake.

"Fundi, ambia hawa. Hii iko ya kasa, si ndiyo?"

Nabalayo, mkewe Oketch, akamvuta shati. "Baba Ajwang, sema ndiyo. Nakuomba."

Neno moja tu!

"Hapana, afande. Hii iko pembe ya ng'ombe. Nikisema ya kasa, kesho wote watataka ya kasa, na kule pwani watachoma kasa wengine."

Wenzake walicheka. Ofisa hakucheka. Walimtia Oketch kwenye buti ya gari mchana kweupe, soko zima limeinamia bidhaa zake.

Hakurudi. Nabalayo alimtafuta kambi hadi kambi, hata mwili hakupewa. Mimi nilimkasirikia marehemu, nakiri, kwa kumwacha mjane kwa ajili ya mnyama ambaye sisi hatujawahi kumwona.

Nabalayo akarudi kuuza vitana vilivyobaki. Siku moja askari akainua kimoja. "Mama, hii ya kasa?"

Sauti yake ilifika hadi kwangu. "Ya ng'ombe, afande. Ya kasa hatuuzi."

Askari akakirudisha mezani, akaenda zake. Ndipo Nabalayo akaketi chini, nyuma ya meza, akamlilia mumewe kwa mara ya kwanza.