Picha za Baba Kutoka India

Nilipompeleka baba India kutibiwa, kila asubuhi alivaa koti na tai, akaniambia nimpige picha. Kisha aliuliza, "Umeshaituma nyumbani?" Simu yangu haikumtosha. Alitaka dada yangu, aliyebaki kwetu Musaga, mtaa wa Bujumbura, aziweke pia kwenye kompyuta yake, zisipotee. Mgonjwa gani anajipamba hivi? Siku moja nilifoka, "Baba, zote hizi za nini?" Akanyoosha tai. "We piga tu, mwanangu."

Tulirudi Bujumbura, yeye akiwa ndani ya jeneza. Dada alitupokea uwanja wa ndege na ile picha ambayo kwetu hutangulia mbele ya maiti, imeshatiwa fremu. Nikamuuliza aliichagua lini.

"Si mimi," alisema. "Baba alinipigia simu, akaniambia ni hii."